Kumpokea Mwanafunzi wa Kigeni Moshi, Juni hadi Agosti: Mwongozo Kamili kwa Familia Mwenyeji

Kila ifikapo Mei maswali huanza kuja, na mengi ni yale yale. "Kijana wetu anashinda chumbani na simu." "Amekaa miezi miwili, ameondoka hajui hata kuomba maji ya kunywa." "Alikuja kufundisha, kafika shule zimefungwa." "Tulimpikia vizuri kabisa, mbona kaugua?"

Familia zinazouliza hivi si wachoyo wala wakali. Zinamtunza mgeni kupita kiasi. Anakula peke yake kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, anaongeleshwa Kiingereza, anapelekwa kila mahali kwa gari, na akigusa ufagio ananyang'anywa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba nyingi za Moshi jembe halitoki stoo mpaka siku ya kumpeleka uwanja wa ndege wa KIA.

Mwongozo huu ni wa familia za mjini (Soweto, Rau, Longuo, Pasua, Shanty Town) na za juu Uru, Kibosho na Old Moshi. Aliyeko Arusha atafuata hayo hayo, aongeze blanketi moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hajafika

- Chumba chenye mlango unaofungwa, na funguo mbili: moja yake, moja yako.
- Chandarua kizima chenye dawa. Kifunge mapema, ulale chini yake uone kama kinafika chini ya godoro pande zote.
- Mablanketi mawili. Wengi wanakuja wakidhani Afrika ni joto mwaka mzima, wanafika Julai na kaptula tu.
- Chombo cha maji ya kunywa chenye mfuniko na koki, na sufuria lisilopikiwa kitu kingine zaidi ya kuchemshia maji hayo.
- Ndoo na kopo la kuogea, hata kama una hita. Umeme ukikatika hataelewa aanzie wapi.
- Taa ya kuchaji.
- Namba ya dereva wa bajaji na ya bodaboda unaowaamini.
- Nakala ya pasipoti yake, ya bima yake ya afya, na namba ya mzazi au chuo chake.
- Daftari dogo na kalamu. Kazi yake utaiona kwenye Hatua ya 6.

Mwambie pia asipakie vitu kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea. Imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Na draya ya nywele aiache kwao kama anatoka Marekani. Umeme wa kwao ni volti 120, wetu 230. Itaungua siku ya kwanza, na pengine itaondoka na soketi yako.

## Hatua ya 1: Ulizia kibali kabla hajakata tiketi

Viza ya utalii ni ya kutembea. Kufundisha darasani, kuhudumia wagonjwa au kujitolea ofisini, hata bila kulipwa senti, kunahitaji kibali kinacholingana na shughuli hiyo. Kibali cha ukaazi daraja C ndicho kinachowahusu wanafunzi, watafiti na wanaojitolea, na kwa muda mfupi zipo taratibu nyingine ambazo taasisi inayompokea inatakiwa kuzifuatilia Uhamiaji. Anayekusanya data za utafiti, hata kama ni dodoso la kurasa mbili, anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Wajibu huu ni wa taasisi, si wako. Lakini maofisa wakija kuuliza, mlango watakaogonga ni wako. Omba nakala ya kibali mapema, na ukijibiwa "hayo tutayamaliza akishafika", usikubali.

Viza inaombwa kwenye tovuti rasmi ya Uhamiaji, ambayo anwani yake inaishia na go.tz. Zipo nyingine zinazofanana nayo zinazotoza fedha zaidi kwa kazi ile ile. Mkenya na Mganda hawaombi viza, ila shughuli yao nayo inahitaji kibali.

## Hatua ya 2: Linganisha kazi yake na kalenda yetu

Shule za msingi na sekondari hufunga mwanzoni mwa Juni na kufungua Julai. Mwanafunzi anayetua wiki ya kwanza ya Juni akitaka kufundisha atamkuta mlinzi na mbuzi wa mlinzi. Kila mwaka linatokea hilo, na kila mwaka watu wanashangaa.

Panga hivi: Juni iwe ya Kiswahili, nyumba na mji, shule zikifunguliwa ndipo aingie darasani. Akiingia, akae na mwalimu mwenye somo, asiachiwe darasa zima kwa sababu tu anajua Kiingereza.

Vyuo vyetu vinapofunga kwa likizo ndefu, wanafunzi wake wanakwenda fildi. Hiyo ni bahati yako. Mtafutie mwenzake wa Chuo Kikuu cha Ushirika au chuo kingine aliye fildi kwenye ofisi ile ile au jirani nayo. Watakula chakula cha mchana pamoja, na hapo atajifunza mambo ambayo wewe mtu mzima huwezi kumfundisha.

Anayekwenda hospitali kama KCMC apitishe maombi chuoni kwake, mapema. Usimpeleke kwa daktari unayemfahamu ukitegemea atapenyezwa.

Kuhusu vituo vya watoto yatima nina msimamo. Mtu wa wiki sita asipewe watoto wadogo wa kuwabeba na kuwazoea. Wanamzoea, anaondoka Agosti, na mwakani anakuja mwingine. Kama kituo kinamhitaji kweli, kina jiko, bustani, hesabu na uzio wa kupaka rangi.

## Hatua ya 3: Andikianeni

Ukurasa mmoja unatosha. Andika malipo ya wiki, milo mingapi, nani anafua, nani analipa nauli, geti linafungwa saa ngapi, marafiki zake wanaishia sebuleni au la, na habari ya pombe. Malipo yaandikwe kwa shilingi. Tangu 2025 kanuni zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mambo ya dola yaishie hapo.

Kama ameletwa na shirika, muulize mratibu waziwazi: mwanafunzi amelipa nini, na familia inapata nini? Mwanafunzi anayedhani umelipwa vizuri atashangaa kuona nyama mara moja kwa wiki, na wewe utamwona mlalamishi. Kumbe hakuna mwenye kosa kati yenu.

Sasa dada wa kazi. Mgeni mmoja ni shuka zaidi, vyombo zaidi, maji ya kuchemsha zaidi. Pesa ya mgeni ikiingia na mshahara wa dada ukabaki pale pale, atanuna, na nyumba nzima italionja hilo kwenye chai. Mwongeze kuanzia siku mgeni anapofika. Mweleze pia mgeni kwamba nguo za ndani kila mtu anafua mwenyewe. Usione haya, utaona haya zaidi baadaye.

Umefaulu kama: wewe, yeye na dada, kila mmoja akiulizwa peke yake, wanatoa jibu moja kuhusu kufua.

## Hatua ya 4: Siku mbili za ugeni

Hizi ni zake. Akitua KIA mpokeeni wawili watatu, sio ukoo mzima. Nyumbani apate maji ya moto, chakula chepesi na kitanda. Mtori wa kwetu hapa haushindiki: laini, moto, hauleti shida tumboni.

Siku ya pili yanafanyika mambo matatu tu. Kwanza laini ya simu, isajiliwe kwa pasipoti na alama zake za vidole kwenye duka la kampuni yenyewe. Usimpe laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Akiipoteza, matatizo ni yako. Pili, afunguliwe huduma ya pesa kwa simu, umpeleke kwa wakala aone jinsi ya kuweka na kutoa.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, mpeleke kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa. Mnasalimiana, anaandikwa, mnapiga stori dakika tano. Mgeni aliyetambulishwa akipotea njia saa moja usiku, mtu atamwambia "wewe si wa kwa Mama fulani?" na kumfikisha. Asiyetambulishwa anabaki mzungu anayezurura.

Kabla hamjatoka, mfundishe shikamoo na ampe nani. Mjumbe akishaamkiwa, umemaliza nusu ya kazi.

## Hatua ya 5: Siku ya tatu, jembe

Mpe kazi moja ya kila siku ambayo asipoifanya, nyumba itaona. Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanampa kazi ya kupigia picha: ashike mwiko dakika mbili, acheke, basi. Kazi ya kweli ina matokeo. Asipomwagilia mchicha, unanyauka. Asipofungia kuku, kicheche anakula. Asipokwenda dukani, chai inanyweka bila mkate.

Zinazofaa: kufagia uwanja asubuhi, kumwagilia bustani, kuku, mkate na maziwa, kuosha vyombo vya usiku na watoto, kumenya ndizi. Kwenye ndizi mwonye mapema: utomvu wa ndizi mbichi haufuliki. Avae nguo mbovu, apake mikono mafuta ya kula au amenyee ndani ya maji.

Atakosea. Atafagia vumbi liende mlangoni badala ya kutoka mlangoni. Mwoneshe mara moja, umwache. Usichukue ufagio. Akivunja kikombe, mwambie ukweli kwamba kimevunjika, azoe vigae. Ukimwambia "acha tu, usijali, mimi nitafanya" mara tatu, amerudi kuwa mgeni, na safari hii ni vigumu zaidi kumtoa huko.

Ale mnapokula na mnachokula. Kama nyumbani mnakula kwa sahani kwenye sofa mkiangalia taarifa ya habari ya saa mbili, na yeye akae kwenye sofa. Meza ya peke yake ni jela yenye kitambaa.

Wiki ya tatu hivi, karibu wote wananyong'onyea. Upya umeisha, kwao wako mbali, na simu inakuwa shimo la kujifichia. Usimfuate chumbani na maswali. Mwongezee kazi ya kutoka nje: msindikize mtoto, mpeleke kwa shangazi Kibosho, mtume kwa fundi cherehani. Wanaobaki chumbani siku tatu mfululizo hawali vizuri. Hao ndio wa kuzungumza nao na, ikibidi, mratibu au chuo.

Umefaulu kama: haulizi tena kama asaidie. Anainuka tu.

## Hatua ya 6: Kiswahili mezani

Familia nyingi zinaona fahari kuongea Kiingereza na mgeni, na watoto wanasukumwa mbele wakafanye mazoezi. Mtoto anafaidika, mwanafunzi anapata hasara. Kiingereza anacho tayari.

Kuanzia siku ya nne weka sheria: tangu chakula cha usiku kinapoletwa mpaka vyombo vikauke, Kiswahili peke yake. Nje ya hapo Kiingereza kiruhusiwe kwa mambo ya afya, usalama, na siku analia. Ongea polepole kidogo, lakini kwa sentensi kamili. Ukimwambia "wewe kula, wewe lala", hayo hayo ndiyo atakayomwambia mkuu wa shule.

Lile daftari ni la maneno kumi kwa siku, aliyoyasikia mwenyewe, si ya kwenye programu ya simu. Jioni awasomee watoto, wao wamsahihishe. Hakuna walimu wakali kuliko watoto wa darasa la tatu.

Sahihisha kosa moja kwa sentensi, na umwache amalize kwanza. Kusifu nako kuwe na kipimo. Mtu amesema "mambo" na "poa", anaambiwa anaongea Kiswahili kizuri mno. Akiamini, amekwisha; hatajifunza neno lingine.

Soko ni darasa, lipande kwa ngazi. Wiki ya kwanza mkate wa duka la jirani. Ya pili nyanya na vitunguu Mbuyuni, akiwa na mtoto wa nyumbani ambaye umemkataza kumtafsiria. Ya tatu sweta la mtumba soko la Memorial, kwa kupatana bei. Kabla hajaenda mwambie bei ya kawaida na bei ya kukataa. Akirudi amelipishwa zaidi, usimcheke mbele za watu na usiende kugombana na muuzaji. Wiki ijayo arudi mwenyewe.

Jambo dogo linaloharibu ratiba: saa. Ukimwambia "tuonane saa mbili" atakuja saa nane mchana. Kwa wiki mbili za mwanzo andika muda kwa namna zote mbili, umuulize arudie.

Tarehe 7 Julai ni Saba Saba, na tangu UNESCO ilipoamua hivyo ni Siku ya Kiswahili Duniani pia. Ni mapumziko, wote mpo nyumbani. Mwambie wiki moja kabla kwamba siku hiyo atasimulia kwa Kiswahili, dakika tano, kuhusu nyumbani kwao. Tarehe iliyopangwa inamfanya asome kuliko ushauri wowote.

## Hatua ya 7: Chakula na maji

Uliza mapema kuhusu mzio, na uulize kwa majina ya vyakula. Karanga ndizo hatari zaidi kwetu kwa sababu tunaziweka kwenye mchicha bila kuzitaja. Mwenye mzio mkali wa karanga anaweza kufa. Dada wa kazi, bibi na jirani anayeleta kisahani wote waambiwe.

Asiyekula nyama haimaanishi umchotee mchuzi ukiondoa vipande. Dagaa nao ni nyama kwake. Una maharage, vyakula vya Kichaga kama kiburu na ng'ande, ndizi za nazi na parachichi; hatalala njaa Kilimanjaro.

Wiki ya kwanza maji yake yote yawe yaliyochemshwa, pamoja na ya kusukutulia meno, na kachumbari isubiri. Matunda amenye mwenyewe. Kisha ongeza taratibu: machalari (ndizi za kupikwa na nyama), samaki, na vyakula vya barabarani vilivyo moto kutoka jikoni. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ije baada ya tumbo kuzoea. Kama hanywi pombe, ashike kata, aipeleke mdomoni, aipitishe kwa mwingine, wazee wataelewa.

## Hatua ya 8: Afya

Homa yoyote ni ya kupimwa malaria siku hiyo hiyo, hata kama anameza dawa za kinga, hata kama anasema ni mafua ya safari. Msiagize dawa dukani kwa kukisia. Kadi ya bima ikae mahali unapopajua.

Anayefanya kazi hospitali aulize siku ya kwanza kabisa: nikijichoma sindano, naenda chumba gani? Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze haraka, na isizidi saa 72. Saa tisa usiku si wakati wa kuanza kutafuta jibu.

Akirudi kwao, homa ya wiki zinazofuata aieleze kwa daktari pamoja na maneno haya: nilikuwa eneo lenye malaria. Madaktari wa huko wanaweza wasifikirie hilo.

## Hatua ya 9: Mwachie mji

Njia ya daladala ifundishwe mara tatu. Mara ya kwanza unamwongoza. Ya pili yeye anaongoza, wewe unafuata kimya hata akipitiliza kituo. Ya tatu anakwenda peke yake na kukupigia akifika. Mpe alama zisizohama: Mnara wa Saa, stendi kuu, na duka kubwa lililo karibu na kona yenu.

Masharti ni machache. Bodaboda kwa helmeti au asipande. Giza likiingia, bajaji ya yule dereva. Asipige picha askari, kambi, wala wagonjwa. Na mtoto wa mtu asipigwe picha bila mzazi kuulizwa. Bangi ni kosa, na mirungi pia, hata kama amesikia inauzwa hadharani Kenya. Vijana wa mjini wanaouza safari za mlima na picha za kuchora watamfuata. "Hapana, asante, nakaa hapa Moshi" kwa Kiswahili inawapunguza kasi sana.

## Hatua ya 10: Mfuatishe kahawa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo ambayo familia nyingi zinairuka kwa sababu zinaiona ni mambo ya shamba tu. Kuanzia Julai kahawa za miteremko ya Kilimanjaro zinaanza kuiva, na mavuno yanaendelea hadi mwisho wa mwaka. Mwanafunzi aliyeko Moshi Julai na Agosti amekuja wakati wenyewe, iwe anasoma biashara, kilimo, historia au udaktari.

Kama huna kihamba, lile shamba la ukoo la migomba na kahawa, una ndugu mwenye nacho. Panga naye siku mfululizo, si ziara ya nusu saa.

Siku ya kwanza, kuchuma. Nyekundu zilizoiva tu. Za kijani zinashusha ubora wa gunia zima. Atachoka kabla ndoo haijajaa, na ni vizuri achoke. Hapo mwoneshe jinsi migomba, kahawa na miti ya kivuli inavyokaa shamba moja, na mfongo, yaani mfereji wa asili, unavyoleta maji kutoka juu, na zamu za maji zinavyopangwa. Kama yuko na bibi mwenye kumbukumbu, nyamaza umwache bibi aseme.

Jioni ile ile zinamenywa kwa mashine ya mkono, kwa sababu zikilala na maganda zinaharibika. Zinavundikwa siku moja au mbili kutegemea baridi, kisha zinaoshwa mpaka ute uishe. Azisugue mkononi, zikikwaruza kama kokoto ziko tayari. Halafu vichanjani kukauka, kugeuzwa kila mara na kufunikwa mvua ikitishia. Asiondoke baada ya kuosha. Kugeuza kahawa wiki nzima kunachosha, na hapo ndipo anaelewa maana ya kazi hii.

Kisha aufuate mzigo: kwenye chama cha msingi cha ushirika zinapopimwa, na kutoka hapo mjini. Moshi ndiko kiliko kiwanda cha kukoboa kahawa na ndiko iliko Bodi ya Kahawa, na KNCU, ushirika wa tangu 1933, uko hapa hapa. Kwa barua ya chuo chake anaweza kuomba kutembelea. Mwambie aandike bei ya kilo katika kila kituo, kisha bei ya kikombe kimoja kwenye mgahawa wa watalii mjini. Hesabu hiyo aifanye mwenyewe.

Umefaulu kama: anaanza kubishana na wewe kuhusu bei ya kahawa.

## Hatua ya 11: Wikiendi, na Mlima

Maporomoko ya Materuni, Marangu na chemchemi za Kikuletwa kupitia Boma Ng'ombe zinatosha kwa wikiendi tatu. Kikuletwa asiyejua kuogelea asirushwe na ile kamba. Arusha aende siku ya kazi: Makumbusho ya Azimio la Arusha, na kwa wa sheria, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Karibu na tarehe 8 Agosti kuna maonesho ya Nane Nane uwanja wa Themi, Njiro. Mwende wote.

Mlima wenyewe haupandwi kwa kuongozwa na binamu. Sheria inataka kampuni yenye leseni ya utalii na mwongozaji aliyesajiliwa, na kilele kiko mita 5,895, mahali ambapo mwenye misuli naye anaanguka kwa kukosa hewa. Njia za siku nyingi zinampa mwili nafasi ya kuzoea, kwa hiyo asichague kwa bei ndogo na siku chache. Kama hela haitoshi, kuna kwenda na kurudi siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara, mita 2,720, nako mwongozaji yupo.

Kuuona tu ni bure. Msimu huu mawingu yanaufunika mchana kutwa, mwamshe alfajiri.

## Hatua ya 12: Maombi ya pesa

Yatakuja: ada, paa, simu, mtaji wa genge. Mengine ni ya haki kabisa. Lakini mwanafunzi anayeombwa na kila anayemsalimia anajifunza kukwepa salamu, na kazi yote ya juu inapotea.

Kaeni kikao cha familia kabla hajafika: nyumba hii haimwombi, na ndugu wakija na maombi wanapita kwako. Mwambie na yeye kwamba ana ruhusa ya kusema "zungumza na Mama". Akitaka kusaidia kwa hiari yake, iwe ada, ilipwe kwenye akaunti ya shule, apewe risiti, na asiahidi zaidi ya muhula mmoja. Vijana wanaahidi kwa moyo safi Agosti, na Januari mtoto anarudishwa nyumbani.

## Hatua ya 13: Wiki ya mwisho

Hesabu tarehe za viza pamoja naye. Kuzidisha hata siku moja ni kosa. Malizeni malipo yote siku tatu kabla, ukiwa na ule ukurasa mkononi. Arudi kwa mjumbe, kwa mwalimu na kwa muuza nyanya wa Mbuyuni kuaga. Kuondoka kimya kunasemwa vibaya kwa muda mrefu.

Zawadi ziwe nyepesi, maana ndege inapima: kitenge, na kahawa iliyokaangwa na kufungwa. Asibebe pembe, ngozi wala makombe, hata akiambiwa ni ya ng'ombe.

Usiku wa mwisho, baada ya vyombo, muulize kwa Kiswahili mambo matatu yaliyomkera nyumbani kwako. Sisitiza, maana atakwepa. Yaandike kwenye daftari lake lile lile, ukurasa wa nyuma, uuchane ubaki nao. Mwingine akija Juni ijayo, anza kusoma hapo.